Wa Mwisho kwenye Orodha

Loma Verá, 3 Oktoba

Dada yangu Nimia,

Salamu zangu zikukute umeketi, umevua viatu na cherehani imezimwa, maana barua hii si ya kusomwa kwa kusimama. Habari za Buenos Aires? Habari za mgongo, ambao mara ya mwisho uliniambia unakuuma Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili unapumzika ili upate nguvu za kuuma tena? Shemeji hajambo? Watoto hawajambo? Sisi huku hatujambo, ila neno hilo unalijua linavyotumika kwetu: mtu husema hajambo hata akiwa amebebwa.

Joto limeanza mapema mwaka huu. Muhogo wa nyuma ya jiko umeota vizuri. Kuku wawili waliibwa wiki iliyopita na mmoja akarudi mwenyewe, labda hakuridhika na malezi ya mwizi. Kaburi la Baba tumelipaka chokaa.

Barua hii naitia ndani ya mzigo, chini ya mikate ya chipa na mfuko wa majani ya chai ya mate, nimpe dereva wa basi la Ijumaa. Utauliza kwa nini sikupiga simu kama watu wa leo. Nyumba yetu unaijua: kati ya chumba changu na cha Mama kuna mbao tu, na masikio yake hayana ugonjwa wowote. Tena kwenye simu wewe hukatiza maneno, dada, usikasirike, na mimi nikikatizwa hushukuru na kunyamaza. Karatasi haikatizwi.

Najua tarehe kumi na nane unakuja na zile karatasi. Najua wakili amekwisha kuziandaa, na kwamba daktari ataandika kuwa Mama hana tena akili ya kujiamulia. Najua nyumba itauzwa kwa yule mwenye duka la mabati, na Mama atahamia kwako, ghorofa ya nane, kwenye kile chumba kinachotazamana na ukuta. Najua pia kwamba unayafanya haya kwa mapenzi. Nakuomba kitu kimoja: usisaini chochote kabla hujaimaliza barua hii. Ukiimaliza ukaona bado inafaa kusaini, kalamu ni yako.

Nianze na Mama mwenyewe. Mtoto wa jicho, upande wa kulia, amekwisha kulifunga jicho lote, jeupe kama maziwa. La kushoto linaona kwamba mtu ni mtu, lakini si mtu gani. Mwenyewe alikuwa akitania kwamba ana watoto wanne, sisi wawili na hao wa macho wawili, na kwamba wa macho ndio pekee ambao hawajawahi kumwacha. Mpaka Agosti alikuwa bado anashona kimia. Vidole vyake vilikuwa vinaona. Alikuwa anaikaza nguo kwenye fremu, anatandaza nyuzi kama miale ya jua, anazisuka kwa kuzipapasa, na kimia chake hicho, ñandutí, kiliuzwa pale barabarani kwa bei ya watu wenye macho mawili mazima.

Tangu Agosti ameacha. Si kwa sababu ya macho, bali kwa woga. Anahesabu nyuzi, halafu ananiita kuniuliza kama amezihesabu. Ufunguo wa nyumba ameuvaa shingoni kwa kamba, na bado kwa siku huuliza mara tatu uko wapi, na kabla sijajibu anakuwa ameushika. Ananiuliza leo siku gani. Nikimjibu, anasema ndivyo alivyodhani, ila hakutaka kujiamini. Huyu ndiye mama ambaye angeweza kukutajia nani aliolewa na kitambaa gani cha meza mwaka gani, na mume alikuwa amelewa kiasi gani.

Majirani nao wamekuwa wema mno. Komadre Sixta huingia jikoni kwetu bila hodi, huonja chungu cha Mama na kukitia chumvi, halafu humwambia kwa sauti ya kumsemesha mtoto mchanga kwamba asijali, komadre, mambo ya umri hayo. Zamani Mama angemjibu kwamba chumvi yake ampelekee mumewe aliyeoza. Sasa anasema asante. Ukitaka kumzika mtu akiwa hai, dada, mwombee majirani wema.

Sasa nikueleze kuhusu ule ukurasa wangu wa mtandao, maana mambo yote yametoka humo.

Unajua nilivyojifunza kazi hiyo. Ni kwenye banda langu la kutengeneza simu, kati ya mteja na mteja, kwa masomo ya bure yanayofundishwa na watu wa Hispania wanaozungumza kana kwamba wana chipa ya moto mdomoni. Hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. Ndiyo hasara ya kujifundisha mwenyewe.

Kamati ya Macho unaikumbuka. Madaktari huja kutoka Asunción mara moja kila miaka miwili, wanapasua macho siku moja, kuanzia alfajiri, kwenye shule ya parokia, nafasi mia na arobaini, basi. Zamani majina yaliandikwa kwenye daftari, na kila safari daftari hilo lilileta ugomvi. Katibu ni Ña Obdulia, ambaye ni mwekundu wa chama tangu kwa babu wa babu yake. Mapazia yake mekundu, mlango mwekundu, na nadhani hata kuku wake huwachagua kwa wekundu wa upanga wa kichwani. Mwenyekiti ni karai Taní, bwana wa chama cha buluu, aliyemzika baba yake na kitambaa cha buluu shingoni ili Mungu asikosee. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake anawafuta watu wa upande wake.

Padre akaniomba nitengeneze ukurasa wa kwenye mtandao wa kuweka orodha ile. Wote wawili walikubali kwa sharti moja: kila mmoja wao awe na ufunguo wake wa kufuta majina, kwenye simu yake. Ña Obdulia alisema afadhali apofuke kuliko kumwachia mtu wa buluu amfutie marehemu wake. Karai Taní akauliza apofuke mara ngapi, huyo mama, wakati tangu azaliwe hajawahi kuona zaidi ya kitambaa chekundu. Padre akasema amina, nami nikawapa funguo mbili.

Ikawa mtu akifa, au akihama, au akijitoa, Ña Obdulia anaandika namba ya kitambulisho chake na kubonyeza Ondoa. Karai Taní naye, kwa kuwa hawezi kuamini kazi ya mkono mwekundu, anaandika namba ileile na kubonyeza Ondoa. Marehemu aliyefutwa na upande mmoja kwetu hajafutwa mpaka afutwe na wa pili. Kati ya Mei na Agosti walitoka watu sita kwa njia hiyo. Watatu walikufa, wawili walikuja huko kwenu Buenos Aires, na mmoja alisema Mtakatifu Lucia amemponya bila kisu.

Watu waliusifu ukurasa. Walianza kuniita injinia. Muuza nyama wa jirani, ambaye miaka yote alinipimia mfupa, akaanza kunipimia mfupa wenye nyama. Hata bibi mmoja akaja kutoka ofisi fulani ya Asunción, mwenye miwani ya mnyororo, akasema ukurasa kama huu unafaa kwenye kampeni zote za nchi, na kwamba kazi yangu itajulikana. Nilinunua blauzi.

Siku yenyewe nilikusimulia kwa simu, lakini wacha nirudie, kwa sababu nilikusimulia vibaya. Ilikuwa Agosti, upepo wa kusini unakata. Nilikaa kwenye meza karibu na lango la shule, kompyuta mbele yangu, naita majina. Mama alikuja kwa mguu, ameshika ukuta, amevaa shali ya Jumapili, nywele zimechanwa na kupakwa maji. Alikuwa hajala tangu jana yake, kama walivyoagizwa wote wa kupasuliwa. Kitambulisho alikuwa amekifunga kwenye leso. Alisubiri hadi nilipomaliza majina yote. Halafu akasogea mezani na kusema kwamba yeye ndiye namba mia na arobaini, wa mwisho, na kwamba hajasikia akiitwa.

Nikatazama. Hayumo. Orodha iliishia kwenye mia na ishirini na nane.

Ña Obdulia alikuwa nyuma yangu. Alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba maajabu hayaishi, sasa tunao akina mama wanaoingia kwenye orodha bila kuandikwa, kama Bikira alivyopata mimba. Mstari mzima ukacheka. Karai Taní akasema kwamba kwa hili, na kwa hili tu, bibi huyu amesema kweli. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini wekundu na buluu kukubaliana jambo bila sharti, na walikubaliana juu ya Mama.

Mama akasema kwa upole kwamba alijiandikisha, tena kwangu mimi mwenyewe, siku ya mwisho. Watu wote wakanigeukia. Nami nikasema: Mama, hukuja. Ulisema utakuja, ukasahau.

Aligeuza uso pale sauti yangu ilipotokea. Akauliza, nimesahau? Nikasema ndiyo, Mama. Akafunga kitambulisho kwenye leso tena, akachukua muda mrefu kulikaza fundo, halafu akaniomba radhi kwa kunitia aibu mbele ya watu. Akarudi nyumbani peke yake, ameshika ukuta uleule kwa mkono wa pili.

Sasa kaa sawasawa, Nimia. Mama alijiandikisha.

Mwezi wa Aprili, uandikishaji ulipofunguliwa, alitaka kwenda siku ya kwanza. Mimi nilimkataza. Nilimwambia watu watasema binti mwenye ufunguo kamfungulia mamaye mlango. Asubiri siku ya mwisho, awe wa mwisho kabisa, ili pasiwe na mdomo wa kusema. Akakubali. Akapanga mstari kama wengine, na mimi kwa vidole vyangu hivi nikaandika jina lake na namba yake, wa mia na arobaini. Kwa kuogopa maneno ya watu nilimweka mama yetu mkiani.

Nikueleze kilichompata huko mkiani. Ndani ya kompyuta orodha ni kama watu waliosimama mstarini, kila mmoja anajulikana kwa mahali aliposimama. Ila kompyuta haianzi kuhesabu na moja, huanza na sifuri. Wa kwanza ni sifuri, anayemfuata ni moja, na kuendelea. Kumtoa mtu kunataka amri mbili. Ya kwanza inatafuta: huyu kasimama wapi? Ya pili inaondoa: aliyesimama hapo mtoe, na wa nyuma yake wasogee wazibe pengo. Sasa ile ya kwanza ikimkosa mtu, haiwezi kujibu sifuri, maana sifuri ni mahali pa mtu. Kwa hiyo hujibu hasi moja. Kwake yeye, hasi moja ni kusema hayupo.

Lakini amri ya pili haikusoma shule moja na ya kwanza. Kwake hasi moja ni kusema hesabu kutoka nyuma, wa kwanza kuanzia mwisho. Ukiiambia iondoe hasi moja, haiulizi swali. Inamshika wa mwisho na kumtoa, na ukurasa unaandika Tayari, kwa sababu mimi niliuambia uandike Tayari kila mara.

Umeshaelewa, wewe mwenye akili. Ña Obdulia akimfuta marehemu, marehemu anatoka. Karai Taní akimfuta tena marehemu yuleyule, marehemu hayupo, na anayetoka ni aliye hai mkiani. Wa kwanza kufa alikuwa mzee Liborio wa kinu, mwezi wa Mei. Kwa kifo chake Mama akatoka kwenye orodha. Tulikwenda pamoja kumzika, na Mama ndiye aliyemshonea kimia cha kumfunika uso.

Ulihitajika mstari mmoja tu wa kusema kama jibu ni hasi moja, usiguse mtu. Sikuuandika. Niliujaribu ukurasa sana kabla ya kuwapa, usidhani sikuujaribu. Nilijitoa mimi, nikamtoa Padre, nikamtoa hadi askofu, wote wakatoka kwa adabu. Sikujaribu kumtoa asiyekuwepo. Nani humfukuza mtu ambaye hayumo nyumbani? Sikuwaza kwamba naandikia Ña Obdulia na karai Taní.

Na Mama hakuwa peke yake. Watano wengine waliokuwa mbele yake mkiani walitoka hivyohivyo, kila aliyefutwa mara ya pili akiondoka na mmoja. Wote ni watu wa vijiji vya mbali, walioandikwa mwishoni kwa sababu habari huwafikia mwishoni. Walifika asubuhi ileile, wakaambiwa hawamo, wakamtazama katibu na mwenyekiti na rangi zao, wakadhani wamefutwa kwa sababu ya chama, wakarudi zao bila neno. Bibi mmoja mjukuu wake alimkaripia palepale langoni: si nilikuuliza kama umejiandikisha, bibi, ukasema ndiyo! Nilimsikia. Kwa mstari mmoja usioandikwa nilitengeneza wazee sita wasahaulifu.

Mpaka hapa ungeweza kunisamehe, maana makosa ya kazi hayana mwenyewe. Watu wa Hispania kwenye masomo yao hucheka wakilieleza kosa hili. Linalofuata halimo kwenye masomo.

Nilijua siku ileile. Saa nane mchana madaktari walikuwa wanakula, shule imetulia, na mimi nikafungua maandishi ya ukurasa kuyatazama. Nililiona kosa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe kimoja cha mate. Nikahesabu: sita waliotoka kwa haki, sita waliotoka kwa hasi moja, nafasi kumi na mbili ziko wazi. Madaktari walikuwa na kazi hadi saa kumi na mbili jioni. Nyumbani kwetu ni mwendo wa dakika kumi.

Yule bibi mwenye miwani ya mnyororo alikuwa ameinama begani kwangu. Alisema hajawahi kuona orodha safi kama hii.

Nikaifunga kompyuta.

Nafasi kumi na mbili zikagawiwa kwa waliosimama karibu na lango. Binamu wa Ña Obdulia alipata moja, mkwe wa karai Taní akapata moja, ili mizani isiinuke. Nilirudi nyumbani gizani nikamkuta Mama amekaa na shali yake ya Jumapili. Chakula cha mchana kilikuwa bado kimefunikwa. Nilipomuuliza kwa nini hajala, alisema huenda ningetuma mtu kumwita, na wangemkataa akiwa ameshiba.

Nilijiambia nimenyamaza kwa ajili ya amani, kwamba ningesema orodha ina kosa, wekundu na buluu wangepigana mpaka madaktari wakimbie na wenye macho wasipone hata mmoja. Ni uongo mzuri huo, dada, una sura ya hekima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeitwa injinia kwa miezi minne, na sikutaka kurudi kuwa Zuni wa simu. Halafu tayari nilikuwa nimekwisha kumwambia mbele ya watu kwamba amesahau, na neno lililosemwa mbele ya watu ni zito kulirudisha kuliko gunia. Yule bibi hajapiga simu mpaka leo. Ule mstari uliokosekana niliuongeza kesho yake, mfupi kuliko jina lako.

Mama aliendelea na kazi niliyompa, ya kusahau. Uliponipigia Septemba kuuliza kama nimeona dalili nyingine, nilikupa dalili, na hukuuliza zimeanza lini. Zilikuwa za kweli zote. Zote zilianza siku ile.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimketisha barazani nikamwambia kila kitu. Nilimweleza mstari wa watu, sifuri, hasi moja, mzee Liborio, saa nane. Nililia, kama utapenda kujua. Yeye alisikiliza hadi mwisho, ameshika fremu tupu mapajani. Halafu akanitafuta mkono, akaupapasa, akasema: che memby, mwanangu, umekuwa na moyo mzuri tangu mdogo. Unajitwika kosa ili mama yako asijione amekwisha.

Nikamwambia si moyo mzuri, Mama, ni mimi nimekosea. Akasema kompyuta haikosei, mji mzima ulisema, na kati ya mji mzima na mwanamke kipofu ni nani amesahau? Tena akaniambia kwamba sasa anakumbuka vizuri kabisa siku ile ya Aprili: alikuwa nyumbani, anamenya muhogo, mvua inanyesha, akasema atakwenda baadaye, asiende. Aliniambia hata aina ya muhogo. Amejishonea kumbukumbu ya kutokwenda, Nimia, nyuzi zote ziko mahali pake, na mvua hiyo haikunyesha.

Nilikimbia ndani nikachapa orodha ya Aprili, ambayo nilikuwa nimeihifadhi kwenye kompyuta, jina lake mwishoni kabisa. Nikampa. Akaisogeza karibu na jicho la kushoto mpaka karatasi ikamgusa pua, akaishika hivyo kwa muda, akatabasamu, akasema inaonekana nzuri.

Jumatatu nilikwenda kwa Kamati. Ña Obdulia alisema nimenunuliwa na buluu ili nichafue kazi yake, na akauliza wamenipa nini, hiyo blauzi? Karai Taní alisema nimenunuliwa na wekundu, tena kwa bei ya chini. Basi na ukweli nao umefutwa mara mbili. Padre pekee ndiye aliyeniamini, lakini Padre kazi yake ni kuamini. Ameahidi kuwatafuta wale watano, na kuuliza Asunción kama kuna hospitali itakayowapokea wote sita kabla ya miaka miwili. Hajapata jibu.

Amebaki mtu mmoja ambaye Mama atamwamini, nawe unajua ni nani. Wewe hukuwepo, kwa hiyo hujawahi kumdanganya. Siku ile ya Aprili, jioni, aliniomba nimshikie simu yangu akutumie ujumbe wa sauti. Ulikuwa kazini. Alikuambia kwamba ametoka sasa hivi parokiani, kwamba Zunilda amemwandika wa mwisho kama mtoto wa kambo, namba mia na arobaini, kwamba miguu inamuuma kwa kusimama, na kwamba akipona macho atakushonea pazia la dirisha lile linalotazamana na ukuta ili upate cha kutazama. Ulimjibu kwa kidole gumba cha kuchora. Sidhani kama uliusikiliza wote. Jumbe zake ni ndefu, hata mimi siwezi kukulaumu.

Nakala iliyokuwa kwenye simu yangu niliifuta mwenyewe. Niliifuta Agosti, siku ile, saa nane na nusu, kabla madaktari hawajarudi kutoka kula. Hilo sikumwambia Mama wala Padre. Nakwambia wewe. Ya kwako sikuweza kuifikia.

Kama simu yako haikujaa, kama hukuisafisha kama unavyosafisha kila mwezi, itafute. Ukiipata, usinitumie mimi. Mpigie yeye, mwambie asogeze simu sikioni, umsikilizishe sauti yake mwenyewe. Sauti yangu haiamini tena, na ana haki. Na kama umekwisha kuifuta, dada, basi njoo tarehe kumi na nane bila wakili, ukae naye siku tatu. Muulize nani aliolewa na kitambaa gani. Muulize majina ya ng'ombe wa Baba. Atajibu yote, kisha atakuuliza kama amejibu sawa, na hapo utaona nilichokifanya. Baada ya hapo nyumba na karatasi na mimi mwenyewe, amua unavyotaka.

Nisalimie shemeji na watoto, waambie chipa zile za juu ndizo laini, za chini zimekaa karibu na barua. Padre anakusalimu. Komadre Sixta anakusalimu, na chumvi yake.

Mama naye anakusalimu sana. Hajui nimeandika nini humu, anadhani ni habari za mzigo. Ameniomba nikuandikie kwamba yuko tayari, nguo zake zote zimeingia kwenye sanduku moja, fremu amempa jirani kwa kuwa huko hataihitaji, na kwamba ukifika usijisumbue kumuuliza chochote, umchukue tu.

Mimi nakuomba umuulize.

Mdogo wako,
Zunilda